Kiothi kichezwe katika nyumba ya DC

Jengo la mawe lililo kongwe kuliko yote mjini Meru lilijengwa mwaka 1917, na halikujengwa ili mtu afurahi. Lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yaani DC. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwakusanya vijana kwa nguvu wakabebe mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani ng'ambo ya mpaka. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zina majina yao kwa sababu ya kikosi hicho cha wapagazi. Mawe ya kuta zile, kwa hivyo, yalipangwa huku wana wa watu wakihesabiwa. Baadaye kikaja kipande, yaani cheti cha utambulisho cha kuning'inizwa shingoni. Kodi ya nyumba ilikuwepo tangu zamani na haikukoma. Mzee aliyeitwa na DC alijua kwamba anakwenda kusimama nje, kofia mkononi, mpaka atakapoambiwa aingie.

Leo nyumba hiyo ni Makavazi ya Meru, na imekuwa wazi kwa umma tangu 1974. Watoto wa shule huingia wakiwa wameshikana mikono wawili wawili, wakatazama, wakatoka uani kuona mfano wa boma la Kimeru, kisha wakarudi kwenye basi. Ni jambo jema na sina ugomvi nalo. Nina ombi tu. Nataka Jumamosi moja kila msimu wa mvua milango ifunguliwe, wazee kutoka Igembe, Tigania, Imenti na Tharaka waingie, waketi kwenye vigoda katikati ya chumba, wacheze kiothi kwa mashindano. Mshindi apewe mbuzi.

Kwa wasiokijua, kiothi ni ndugu wa bao. Vishimo huchimbwa ardhini au huchongwa kwenye ubao, kete zikawa mbegu au vijiwe, na wachezaji wawili hupanda na kuvuna mpaka mmoja abaki mikono mitupu. Wakikuyu wanao wao, giuthi. Waluo wana ajua. Waswahili wana lile bao kubwa la mashimo 32 na kete 64, ambalo mgeni akilitazama kwa nusu saa bado hajui nani anashinda. Karibu na Nakuru, pale Hyrax Hill, vishimo vya mchezo wa namna hii vimechongwa kwenye mwamba wenyewe, na mahali hapo ni turathi inayolindwa kisheria. Yaani tayari tuna mahali nchini ambapo mchezo ndio mnara.

Nilipolitoa wazo hili mbele ya marafiki, tukinywa chai Chuka, mahali ambapo mtu wa Embu na mtu wa Meru wanaweza kukutana bila mmoja kuhisi kwamba amemfuata mwenzake nyumbani, nilichekwa. Makavazi si uwanja, waliniambia. Mmoja alikuwa mkali zaidi: "Unataka kugeuza historia kuwa kilabu?"

Sikuwa na jibu la haraka siku ile. Sasa ninalo, na linaanzia Paris.

Katika Michezo ya Olimpiki ya 2024, Wafaransa waliupeleka mchezo wa upanga ndani ya Grand Palais, jumba la chuma na vioo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1900. Huenda ulikuwa umelala, kwa kuwa Wakenya wengi huamka kwa riadha tu, lakini chini ya paa lile la vioo alisimama mwenzetu. Alexandra Ndolo, mzaliwa wa Ujerumani mwenye baba Mkenya, alikuwa ameishindia Ujerumani nishani ya fedha ya dunia mwaka 2022, kisha akaamua kuvaa rangi za Kenya. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki mchezo huo katika Olimpiki. Alishindwa raundi yake ya kwanza kwa tofauti ya pointi moja, 13 kwa 12. Wiki mbili baadaye mbio za marathoni zilimalizikia mbele ya Les Invalides, majumba yaliyojengwa na mfalme Louis wa 14 kwa ajili ya wanajeshi wake waliojeruhiwa, na ambamo Napoleon amezikwa. Benson Kipruto alipata shaba pale. Kesho yake Hellen Obiri akapata shaba yake palepale.

Sisemi tufanye kwa kuwa Wazungu wamefanya. Hoja hiyo ndiyo iliyotuletea mambo mengi tunayoyajutia. Nasema tu kwamba hakuna aliyelia kuwa Ufaransa imepoteza historia yake. Paa la Grand Palais lipo. Napoleon hakuamka.

Hata hivyo Paris hainigusi kama Roma ya mwaka 1960. Waitaliano walipoandaa Olimpiki walipeleka mieleka ndani ya magofu ya Basilika ya Maxentius, na sarakasi za viungo ndani ya magofu ya mabafu ya mfalme Caracalla. Walitaka dunia ione ukuu wa Roma ya kale. Marathoni nayo wakaipanga jioni ya tarehe 10 Septemba, imalizikie chini ya Tao la Konstantino, lililosimamishwa karne ya nne kusherehekea ushindi wa vita. Mipango yao ilikuwa mizuri sana. Walichosahau ni kuuliza nani atafika kwanza.

Aliyefika kwanza alikuwa Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi wa mfalme Haile Selassie, akiwa peku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Kumbuka kwamba Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia mwaka 1935, na mwaka 1937 ikaung'oa mnara wa Aksum na kuupeleka Roma kama ngawira. Mnara huo ulikuwa bado umesimama mjini humo usiku ule, na wasimulizi wengi wa mbio zile husema ndipo karibu na hapo Bikila alipoanza kumwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Mnara ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005. Miaka 45 kabla ya hapo, mtu mmoja bila viatu alikuwa ameshalichukua lile tao. Hakulibomoa wala hakulipaka rangi. Alilipita tu akikimbia, na tangu usiku ule Mwafrika yeyote akiliona pichani hamkumbuki Konstantino.

Hili ndilo ninalolitafuta katika nyumba ya DC. Jengo la amri halinyang'anywi ukali wake kwa bango la maelezo ukutani. Bango linasema DC alikaa hapa, na wewe unayelisoma unasimama pale aliposimama babu yako, ukiwa kimya kama yeye. Lakini wazee wawili wakiketi katikati ya chumba hicho, mmoja akamcheka mwenzake kwa kumla kete zote, watazamaji wakapiga kelele, basi chumba kimebadili mmiliki.

Mchezo, kwa upande mwingine, unaweza pia kufunga mlango. Hapa ndipo marafiki zangu wa Chuka wangenibana kama wangejua habari za Zanzibar. Ngome Kongwe ya Unguja, ile iliyo karibu na Forodhani, ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno. Karne ya 19 ikawa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Kisha mwaka 1949 ikakarabatiwa, na uani mle ukawekwa uwanja wa tenisi wa klabu ya wanawake.

Huwa ninaifikiria sana ile tenisi. Kuta nene za mizinga, na ndani yake mlio wa mpira mwepesi, pa, pa, pa. Nadhani kuta zile ziliwafaa wanawake ambao hawakutaka kutazamwa na mtaa mzima. Kwa maana hiyo ngome iliwapa kina mama hao nafasi ambayo mji haukuwapa. Lakini Unguja ya 1949, kiwanja cha tenisi hakikuwa cha mke wa mchukuzi wa bandarini. Mchezo uliingia, wengi wakabaki nje ya kuta. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja, klabu ikafa, na sikumbuki kumsikia Mzanzibari akiililia. Leo uani palepale kuna jukwaa la wazi, na tamasha la Sauti za Busara hujaza watu mpaka usiku wa manane.

Kwa hivyo swali la kwanza kwangu ni nani atakayeingia. Ukuta huja baadaye. Kama Meru wataamua kuipeleka gofu ndogo ya matajiri katika bustani ya makavazi, au chakula cha jioni cha wafadhili kikiitwa mashindano ya hisani, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika makala ya kupinga. Mfano ninaoupenda ni wa New York, ndani ya stesheni ya reli ya Grand Central iliyofunguliwa mwaka 1913. Kila mara wanapoandaa shindano la skwoshi pale, hujenga uwanja wa vioo katika ukumbi mkubwa, mabingwa wa dunia wakacheza ndani yake, na abiria anayekimbilia treni husimama mbele ya kioo akatazama bure. Wenye tiketi wamekaa nyuma. Mpita njia amesimama mbele. Shindano likiisha, vioo vinafunguliwa na kuondolewa, na ukumbi unabaki ulivyokuwa.

Zipo pia nyumba ambazo mchezo haupaswi kuzikaribia, na moja haiko mbali. Pale Nchiru, katika Tigania, ndipo penye nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Kuna masharti ya nani anaingia na anaingiaje. Baraza linakaa, kesi zinasikizwa, viapo vinaliwa. Nyumba ile bado inafanya kazi iliyojengewa. Mtu akiniambia tupeleke hata kiothi pale, mchezo wa Ameru wenyewe, nitamwambia hapana, kama ambavyo ningemkataza kuweka meza ya tenisi madhabahuni wakati kanisa bado linasali. Nyumba ya DC ni kinyume chake. Kazi yake iliisha. DC mwenyewe ameisha, hata cheo chake kimebadilishwa jina. Ni nyumba inayotafuta kazi.

Mtu atauliza: viwanja si vipo? Vipo, tena vizuri. Kinoru kilikarabatiwa kikilenga mashindano ya kandanda ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa mwezi Septemba 2017 kwa kuchelewa kujiandaa, yakaenda Moroko. Uwanja ukabaki, na Siku ya Madaraka ya 2018 ikafanyika humo. Embu nao wakapata zamu yao tarehe 1 Juni 2023, Madaraka ya 60, katika uwanja wa Moi uliopambwa upya. Huku kwetu, kama unataka uwanja, omba rais aje kuhutubia. Lakini viwanja hivyo ni vya kandanda na riadha na gwaride. Mzee wa miaka 74 kutoka Mikinduri hawezi kucheza kiothi Kinoru. Atapotea katikati ya nyasi kama sindano.

Tena kuna mvua. Watu wa Nairobi huandika kuhusu michezo kana kwamba nchi nzima ni kavu. Upande huu wa Mlima Kenya, kuanzia Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, kijana anayetaka kucheza chochote alasiri anapaswa kwanza kutafuta paa. Julai haina mvua nyingi lakini ina baridi na ukungu unaokaa shingoni kama shali iliyoloa. Mapaa yaliyopo ni ya vibanda vya miraa, vya muguka, na vya kamari ya simu, ambako vijana wa Runyenjes wanajua majeraha ya mabeki wa Uingereza kuliko wanavyojua kinachomsumbua mama yao mgongoni. Chini ya veranda za maduka kuna wachache wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ni wachezaji hodari. Nimeshindwa nao mara nyingi, na siku moja nilipoteza nauli ya kurudi nyumbani, habari ambayo mke wangu ataisoma leo kwa mara ya kwanza.

Wapeni watu hao paa la mawe.

Embu, najua, watasema nimewasahau. Sijawasahau, mimi ni wa huko. Waingereza waliweka kituo chao Embu mwaka 1906, na Meru wakafika 1908, wakiongozwa na E. B. Horne, ambaye Ameru walimpachika jina la Kangangi. Kwa hiyo katika suala la kuanza kutawaliwa, sisi tuna haki ya kuringa kwa miaka miwili. Lakini jengo la kikoloni ambalo mgeni huonyeshwa kwanza mjini Embu ni hoteli, na hoteli hiyo inaitwa Izaak Walton. Wengi wetu tumekula samosa pale bila kujua huyo Walton ni nani. Alikuwa Mwingereza aliyeandika kitabu maarufu cha uvuvi wa ndoana, kikachapishwa mwaka 1653. Alizaliwa mwaka 1593, mwaka uleule Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Hakuwahi kuiona Embu, wala hakuota kwamba ipo. Jina lake lilifika kwa sababu walowezi waliweka samaki wa trauti katika mito inayoteremka mlimani, wakawa wanakuja kuwavua kwa burudani. Kwa hivyo jengo letu la kumbukumbu lina mchezo ndani yake tayari, ila ni mchezo wa mtu mwingine.

Wakati wangu wa utoto mchezo wetu ulikuwa ndondi. Robert Wangila aliposhinda dhahabu kule Seoul mwaka 1988, na mpaka leo ni yeye tu Mkenya aliyeipata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, kila mvulana mtaani kwetu alivaa soksi mikononi na kumtafuta mdogo wake. Mwaka uliofuata au ule wa pili yake, mjomba wangu alinipeleka kutazama mapigano katika ukumbi mmoja wa enzi za ukoloni. Palikuwa na balbu moja juu ya ulingo. Ukumbi ulinukia magunia ya mahindi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakihifadhiwa humo siku za kazi. Tulikaa juu ya mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Sikumbuki nani alishinda. Nakumbuka kwamba mjomba, mtu asiyesema mengi, alinionyesha mlango wa nyuma na kuniambia, "Baba yetu alipita hapo kwenda kupigwa picha ya kipande." Kisha kengele ikalia, akasimama, akaanza kupiga kelele pamoja na wengine. Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile, kabla wala baada.

Kwa muda nilitaka ndondi hizo ndizo zirudi, ndani ya nyumba ya Meru hasa. Nimebadili mawazo. Ulingo ni mzito, watazamaji wa ndondi hawakai, jasho na mvuke haviendi vizuri na vitu vya kale, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 haikutungwa ili mtu apigilie misumari ukutani. Ndondi zitafutiwe ukumbi usio na kabati za vioo. Kiothi hakihitaji chochote. Mbao za kuchezea zinabebwa kwapani, kete zinaingia mfukoni, mkeka unatandikwa na kukunjwa. Chumba kimoja kinatosha michezo minne kwa wakati mmoja. Kabati zisogezwe na wenye ujuzi wa kuzisogeza, chakula kiliwe uani, na watazamaji waingie kwa makundi. Drafti ikaribishwe mchana, na chesi kwa wanafunzi, ambao wengi wao wanaijua kuliko tunavyodhani. Kule Lamu wazee hucheza bao nje ya ngome, iliyokuwa gereza mpaka mwaka 1984, na sijui kwa nini wabaki nje, lakini hayo ni ya watu wa Lamu.

Kuna tatizo moja ambalo sijalitatua. Kiothi kinapungua wachezaji. Mtoto wa mjini Meru mwenye miaka 12 anaweza kukionyesha kwenye kitabu lakini hawezi kukicheza. Tukiandaa shindano mwaka huu tutapata wazee wengi wenye mikono myepesi na macho mazito, na pengine vijana watatu. Watasema basi, mchezo umekufa, tuweke mbao zake ndani ya kabati la kioo na maelezo chini yake. Mimi naona ndiyo sababu ya kuharakisha. Kila mzee aje na mjukuu mmoja, na bila mjukuu asisajiliwe. Mjukuu aketi kando ya babu, ahesabu kete. Raundi ya mwisho wachezane wajukuu, na mababu wakatazwe kufungua midomo, jambo ambalo litahitaji askari.

Kiingilio kiwe bure kwa siku hiyo. Wazee watapanda matatu kutoka Maua, kutoka Marimanti, kutoka Nkubu. Na wa Embu wanaoijua giuthi, tuko kilomita zaidi ya mia moja tu, tutafika kabla ya saa nne tukianza safari mapema. Mbuzi anaweza kufungwa pale nje mlangoni, mahali babu zetu walipokuwa wakisimama wakingoja kuitwa.